Kanisa la kioo la Garden Grove: jengo lilipouzwa, nani alikuwa mwenyewe?



Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi hututumia picha za mahali wanapoabudu. Wengi wao walitoka Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru, wakapitia kambi za Tanzania, Burundi, Uganda au Rwanda kabla ya kufika kule. Katika picha hizo mara nyingi tunaona jambo lilelile: kanisa la Waprotestanti wenyeji katika mtaa wa pembeni ya mji, jengo zuri, uwanja mkubwa wa kuegesha motokari. Asubuhi wenyeji wanaabudu, wazee wachache wenye mvi. Alasiri wetu wanaingia na korale zao na watoto wao, na ibada inakwenda hadi jioni. Kisha siku moja ujumbe unafika kwenye simu: wenye jengo wameshindwa kulitunza, wanataka kuliuza, mtuombee.

Sisi huku tunajibu haraka sana. Tunasema Wazungu wamemwacha Mungu, ndiyo maana makanisa yao yanauzwa. Tumelisikia hilo katika semina, na tumelihubiri wenyewe. Lakini jibu hilo lina kasoro moja kubwa: linatuweka sisi nje ya jambo, kana kwamba kanisa linaweza kuuzwa kule tu. Kwa hiyo tumependa kuchukua kanisa moja lililojulikana dunia nzima, tulifuate tangu siku lilipoanza hadi siku lilipopita mikononi mwa wengine. Halikuanguka kwa kukosa bidii. Tangu mwaka 1968 lilikuwa na simu iliyopokelewa usiku na mchana kwa ajili ya watu waliokata tamaa. Ni parokia ngapi za kwetu zinaweza kusema hivyo?

Juu ya paa la butiki

Mwaka 1955 mchungaji mmoja mwenye miaka 28, Robert Schuller, mtoto wa mkulima wa jimbo la Iowa, alifika Garden Grove, katika wilaya ya Orange, kusini mwa California. Alikuja na mke wake Arvella, mpiga kinanda. Alikuwa wa Reformed Church in America, kanisa lenye mizizi ya Kiholanzi, jamaa moja ya imani na Wapresbiteri wetu wa Kasai. Alikuwa amekwisha kutumika miaka mitano katika kusanyiko karibu na Chicago. Kanisa lake lilimpa dola 500 za kuanzia.

Hakuwa na mahali. Alitafuta shule na kumbi, akakosa. Mwishowe alikodi uwanja wa sinema, ile ambayo watu hutazama filamu usiku wakiwa ndani ya motokari zao. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Machi 1955, alipanda juu ya paa la butiki ya vinywaji katika uwanja huo, akahubiri. Arvella alipiga kinanda kilichobebwa juu ya trela. Watu walikaa ndani ya motokari zao, wakasikiliza kwa vipaza sauti vidogo vya sinema.

Wachungaji wengine walimcheka. Ibada gani hiyo, watu hawatoki hata motokarini? Lakini tuangalie mahali pale. Mwaka 1950 wilaya ya Orange ilikuwa na watu karibu 216,000. Mwaka 1960 walikuwa zaidi ya 700,000. Michungwa ilikatwa, nyumba zikapandwa mahali pake, barabara kuu zikapita. Mwezi Julai wa mwaka uleule wa 1955, Disneyland ilifunguliwa Anaheim, mji wa jirani. Waliohamia pale walikuwa vijana wenye familia, wageni wote, kila mmoja na motokari yake, bila shangazi wala mjomba karibu. Mtu aliyeelewa hilo na kuwafuata walipo alifanya kazi ya mmisionari. Hapo hatuna neno la kumlaumu.

Kuna habari moja aliyopenda kuisimulia yeye mwenyewe. Mume mmoja alimleta mke wake aliyepooza, ambaye hakuweza kushuka motokarini, na kanisa lile ndilo pekee lililomfaa. Baadaye kusanyiko lilipata kanisa dogo la kawaida, na wengi walitaka kuacha uwanja wa sinema, wawe Wakristo wa heshima kama wengine. Schuller alikataa kwa ajili ya mama yule. Kulikuwa na mvutano mkali. Ndipo akamwita mjenzi mashuhuri, Richard Neutra, ambaye alichora kanisa lenye ukuta wa kioo unaofunguka, ili mhubiri aonekane na walio ndani ya jengo pamoja na walio nje katika motokari. Liliwekwa wakfu mwaka 1961. Tukilinganisha yote yaliyojengwa baadaye pale, sisi tunaona hilo ndilo jengo lililokuwa na sababu safi kuliko yote.

Neno "haiwezekani" likawa dhambi

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1968 ulijengwa mnara wa ghorofa 13 wenye msalaba juu yake. Mwaka 1970, baada ya Billy Graham kumtia moyo, Schuller alianza ibada ya televisheni iliyoitwa Hour of Power, yaani Saa ya Nguvu. Ilionekana Marekani na nchi nyingine nyingi, ikatazamwa na mamilioni. Mwaka 1980 likafunguliwa jengo lililolipa kanisa jina lake jipya: Crystal Cathedral. Wachoraji walikuwa Philip Johnson na John Burgee. Umbo lake ni la nyota, lina urefu wa karibu mita 126, na limefunikwa kwa zaidi ya vioo 10,000 vilivyogandishwa juu ya mabomba ya chuma. Nyuma ya mimbari kulikuwa na milango miwili mikubwa, yenye urefu wa mita 27 kila mmoja, iliyofunguka wakati wa ibada ili watu wa motokari bado waone. Gharama ilikuwa karibu dola milioni 18.

Mafundisho yake yalikuwa ya kufikiri kwamba yote yawezekana. Alijifunza njia hiyo kwa Norman Vincent Peale, ambaye alimkaribisha kuhubiri katika uwanja wa sinema. Mwaka 1982 aliandika kitabu akidai kwamba kujithamini kwa mtu ndiyo Matengenezo mapya ya kanisa. Walimu wengi wa theolojia walimpinga, na sisi tuliosoma katekisimu za Kireformed shuleni tunaona walikuwa na haki: dhambi si upungufu wa kujithamini tu, na msalaba hauponyi kujidharau peke yake. Lakini tusijidanganye kwamba mafundisho yale yalibaki California. Tembeeni Jumapili moja Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, sikieni vipaza sauti. Habari ya kutamka na kupokea tunaihubiri kwa sauti kubwa kuliko Schuller, ambaye yeye alisema taratibu, akitabasamu.

Tunachotaka kuonyesha ni jinsi mafundisho hayo yalivyoingia katika sanduku la feza. Pale ambapo kusema "haiwezekani" ni ukosefu wa imani, mtunza feza atasema nini? Mzee wa kanisa akiuliza tutalipa namna gani, anaonekana anampinga Mungu. Katika Luka 14 Yesu mwenyewe anamtaka anayejenga mnara aketi kwanza, ahesabu gharama. Hiyo ni kazi ya kuketi, na penye mhubiri mkubwa watu wote husimama na kupiga makofi.

Miaka ya 1980 na 1990 hesabu zilisimama, kwa sababu televisheni ilileta sadaka kutoka mbali. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Feza nyingi hazikutoka kwa watu walioketi pale Jumapili. Zilitoka kwa watazamaji, wengi wao wazee, walioketi katika nyumba zao katika miji ambayo hawakuwahi kutoka. Watu hao walimpenda Schuller. Hawakuwa na kura, hawakumchagua mzee hata mmoja, hawakujua hesabu. Na kusanyiko la mahali liliishi katika nyumba ambayo lisingeweza kuilipa lenyewe. Tunafikiri hapo ndipo kanisa lilipoanza kupotea, miaka mingi kabla ya mahakama.

Mtaa ulibadilika

Tuseme neno fupi juu ya mtaa. Baada ya mwaka 1975 wakimbizi wa Vietnam walifika katika wilaya ya Orange kwa maelfu, wakakaa hasa Westminster na Garden Grove. Mpaka leo mahali pale panaitwa Little Saigon. Wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Kihispania waliongezeka pia. Vijana wazungu wa 1955 wakawa wazee, watoto wao wakahama. Kusanyiko la Kiingereza likapungua. Na katika jengo lilelile, ibada ya Kihispania chini ya mchungaji kutoka Argentina, Dante Gebel, aliyeanza mwaka 2009, ilikuwa inajaa. Lakini usimamizi, televisheni na madeni vilikuwa mikononi mwa upande mwingine. Gebel na watu wake walitoka baadaye, wakaanza kanisa lao Anaheim.

Sisi wa Kivu tunajua mtaa unaweza kubadilika kwa wiki moja. Mitaa ya pembeni ya Goma ilijaa wakimbizi wa ndani kutoka Masisi na Rutshuru, kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zile zikatawanywa. Parokia iliyokuwa na watu 600 Desemba ilikuwa na watu wengine kabisa Machi. Tumeona mahali ambapo komite ilebaki ya watu waliokwisha kuhama, wakiendesha kanisa kwa simu, na waliojaza viti hawakuulizwa kitu.

Baba, mwana na binti

Mwezi Januari 2006 Schuller alimwachia mtoto wake, Robert A. Schuller, nafasi ya mchungaji mkuu. Mwana alikuwa mchungaji aliyesoma, na kila mtu alimtazamia. Lakini haikudumu. Mwezi Oktoba 2008 baba alimwondoa katika televisheni, akisema kwamba kipindi kinahitaji sauti nyingi. Muda mfupi baadaye mwana aliacha kanisa kabisa. Mwaka 2009 uongozi ulimwendea binti, Sheila Schuller Coleman. Mwaka 2012 naye alitoka, akaanza kanisa lake. Wana na wakwe wengine walikuwa katika kazi mbalimbali za shirika. Katika mkutano wa baraza, jambo la kanisa na jambo la nyumbani vilikaa kwenye meza moja, na aliyekosana na ndugu yake alikosana na kanisa.

Hatusemi kwamba mtoto wa mchungaji asiwe mchungaji. Haruni alirithiwa na Eleazari. Lakini Samweli pia, mtu wa Mungu asiyekuwa na doa, aliwaweka wanawe kuwa waamuzi Beer-Sheba, na wazee wa Israeli wakaja kumwambia wazi kwamba wanawe hawaendi katika njia zake. Tunapenda mahali hapo katika 1 Samweli 8, hata kama ombi la wazee juu ya mfalme halikuwa zuri: walikuwepo wazee walioweza kuja na kusema. Pale Garden Grove, jina la mwanzilishi lilikuwa limekuwa kubwa kuliko baraza. Na kwetu? Tunajua jumuiya ambapo kifo cha mwakilishi wa kisheria kilifungua vita ya miaka mingi, na makanisa mawili yakasimama upande huu na ule wa barabara moja yakiwa na jina lilelile. Hatutataja mtu. Wasomaji wetu wanaijua barabara hiyo, au nyingine kama hiyo.

Wakati huohuo ujenzi haukukoma. Mwaka 2003 lilifunguliwa jengo jipya la kupokea wageni, lililochorwa na Richard Meier, mjenzi mwingine wa jina kubwa. Kisha mwaka 2008 uchumi wa Marekani ukaanguka. Sadaka za televisheni zikashuka. Waliuza kituo chao cha mafungo, wakapunguza watumishi, wakakata vipindi. Mwaka 2010 walifuta igizo kubwa la Pasaka, lile lenye wanyama hai na malaika walioruka kwa kamba juu ya watu.

Mahakamani

Tarehe 18 Oktoba 2010 kanisa liliomba ulinzi wa mahakama kama shirika lililofilisika. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye madeni kuendelea kufanya kazi chini ya uangalizi wa jaji, huku akipanga namna ya kulipa. Deni lilikuwa zaidi ya dola milioni 43. Kati yake karibu milioni 36 ni rehani ya majengo.

Zilizobaki ndizo zilizotuumiza tuliposoma. Walikuwa watu wadogo: waliokodisha wanyama kwa maigizo ya Krismasi na Pasaka, wapiga muziki, watoa huduma wa kila aina. Walifanya kazi kwa kanisa, wakaamini kwa kuwa ni kanisa. Sisi tunawajua watu hao kwa majina ya kwetu: fundi mwashi aliyemaliza ukuta wa kanisa na bado anangoja, mama aliyeleta mchele na nyama kwa kongamano la wanawake na anaambiwa kila Jumapili avumilie, Bwana atatenda. Yakobo aliandika juu ya mshahara uliozuiliwa unaopiga kelele. Hakuweka pembeni mshahara uliozuiliwa na parokia.

Familia ya mwanzilishi nayo ilidai mahakamani, juu ya mikataba na haki za maandishi na mahubiri yake. Fikirini picha hiyo: mchungaji aliyeanza juu ya paa la butiki, sasa ni mmoja wa wanaodai kanisa alilolizaa. Hatumcheki. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80, na hakuna aliyemsaidia mapema kutenganisha kilicho chake na kilicho cha kanisa. Labda ni wajibu wa wazee kumsaidia mchungaji katika hilo wakati angali na nguvu, maana baadaye ni kuchelewa.

Wanunuzi wawili

Hapa ndipo habari inapotugeuzia uso tofauti. Wanunuzi wakubwa walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa Chuo Kikuu cha Chapman, cha mji wa jirani, ambacho chanzo chake ni Disciples of Christ, Waprotestanti walewale waliohubiri Injili Bolenge kule Équateur mwisho wa karne ya 19. Wa pili alikuwa Jimbo la Kikatoliki la Orange, lililozaliwa mwaka 1976 kwa kugawanyika na Los Angeles. Jimbo hilo lilikuwa na waamini zaidi ya milioni moja, na katedrali yao ilikuwa ndogo. Walikuwa wamefikiria kujenga mpya Santa Ana, kwa gharama kubwa kuliko kununua.

Chapman walitoa ahadi iliyozidi ya Wakatoliki kidogo. Lakini walitaka mahali pale kwa masomo yao. Baraza la Crystal Cathedral, katika saa zake za mwisho, lilichagua Jimbo, kwa sababu jengo lingebaki nyumba ya ibada. Mwezi Novemba 2011 jaji alikubali mauzo kwa dola milioni 57.5. Feza hizo zilizidi deni.

Kuna Waprotestanti waliolia kwa aibu: kanisa la Matengenezo kuwa kiti cha askofu wa Roma! Tumesikia maneno hayo hata huku, miaka ile, kati ya wachungaji wenzetu. Sisi tunahesabu kwamba uamuzi ule ulikuwa mmoja wa maamuzi bora ya baraza lile, labda kwa sababu ulikuwa wa kwanza ambao hakuna aliyeweza kuufanya kwa ajili ya jina lake. Walikuwa wanapoteza kila kitu. Walijiuliza tu nyumba hii ilijengwa kwa nini. Na tuongeze hili: sisi ambao wakati wa vita tumelala katika kumbi za mapadri, na mapadri wamelala katika shule zetu, hatuna haki ya kuona haya sana.

Makubaliano yaliwapa Waprotestanti muda wa kuhama. Ibada yao ya mwisho ndani ya kioo ilikuwa tarehe 30 Juni 2013. Kisha wakahamia mahali gani? Katika kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Callistus, palepale Garden Grove, ambalo parokia yake ilikuja katika jengo la kioo. Walibadilishana. Mchungaji wao alikuwa mjukuu, Bobby Schuller, na kusanyiko likachukua jina Shepherd's Grove. Saa ya Nguvu haikufa. Iliendelea katika televisheni, ikiwa ndogo zaidi.

Wakatoliki hawakuharakisha. Walitumia dola milioni 77 kutengeneza ndani: altare, kisima cha ubatizo, maelfu ya vipande vya chuma vya kuzuia jua, maana chini ya kioo watu walichomeka. Kinanda kikubwa kilifunguliwa kipande kwa kipande, kikapelekwa Italia kurekebishwa. Kikawekwa wakfu chote tarehe 17 Julai 2019 kwa jina la Christ Cathedral, Katedrali ya Kristo. Tarehe hiyo, kwa wanaopenda mambo kama hayo, ni siku ileile Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1955. Leo misa inasomwa pale kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietnam na Kichina. Mtaa uliobadilika umeingia ndani.

Arvella alikufa mwaka 2014, na Robert Schuller tarehe 2 Aprili 2015. Amezikwa katika makaburi yaliyo katika kiwanja kilekile, ambacho sasa ni cha Jimbo.

Na hati zetu?

Tunarudi nyumbani. Katika nchi yetu, sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mtu au shirika hupata haki ya kuutumia, na kinachothibitisha haki hiyo ni cheti cha usajili. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 nayo ndiyo inayotambua mashirika yasiyo ya faida, na makanisa yamo ndani yake. Kwa Waprotestanti walio chini ya ECC, utu wa kisheria uko kwa Jumuiya. Kwa hiyo parsele ya parokia ingepaswa kuandikwa kwa jina la Jumuiya.

Tunasema ingepaswa. Ukweli ni mwingine. Parsele nyingi zilinunuliwa haraka, kwa karatasi ya mkuu wa mtaa na mashahidi wawili, kwa jina la mchungaji wa wakati ule, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kadi ya uchaguzi mfukoni. Alikuwa mtu mwaminifu. Akafa. Watoto wake wana haki ya kuuliza, na wengine wameuliza, na hakimu anasoma jina lililoandikwa, hasomi nia ya marehemu. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipounguza katikati ya Goma, wako waliopoteza kanisa na karatasi zake siku moja, na mipaka ya kiwanja ikabaki katika kumbukumbu ya wazee. Wazee hao wanapungua.

Na kuna jambo la feza. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango, sadaka za makanisa mengi zinakaa nyumbani kwa mtu. Hatuwezi kuwalaumu watu kwa kitu walicholazimishwa. Lakini feza ya kanisa ikikaa miezi mingi chini ya kitanda cha mchungaji, ikisaidia leo mgonjwa, kesho karo ya mtoto, bila daftari, bila sahihi ya pili, basi tumerudia jambo la Garden Grove kwa kipimo kidogo: kilicho cha nyumba na kilicho cha kanisa kimeshikana, na hakuna aliyekusudia mabaya. Daftari la shule la franka chache na sahihi za watu watatu vinatosha. Hilo halihitaji benki.

Tumeshangazwa pia na jinsi watu wanavyotuma maombi ya ujenzi kwa ndugu walio Ulaya na Marekani. Ni vizuri ndugu wasaidie. Lakini tulikwisha kuona jengo linaloishi kwa sadaka za mbali. Msaada ule ukikauka, watu waliopo wanaweza kubadili mabati? Kama hawawezi, tujenge dogo kuliko lile lililo katika mchoro. Mchoro mzuri umewahi kuwaangamiza watu wenye feza kuliko sisi.

Ndugu zetu wa Marekani wanaosali alasiri katika jengo la wengine wametuuliza tuwape ushauri. Tumewajibu hivi: msingoje tangazo la kuuza. Ombeni kuketi na baraza la wenyeji sasa, mjue deni liko kiasi gani na nani ana sahihi. Wenyeji wengine wangependelea kuwaachia watu wanaosali kuliko kuuza kwa mfanyabiashara. Baraza la Crystal Cathedral lilifanya hivyo hata kwa watu wa madhehebu mengine. Lakini mtu hamwachii nyumba mgeni asiyemjua jina.

Huku kwetu, tumeweka jambo la hati katika mkutano wa baraza la wachungaji na wazee wa wilaya yetu. Kila parokia imeombwa kuleta karatasi ya kiwanja chake, hata iliyoliwa na panya, isomwe mbele ya wote jina lililo juu yake. Kati ya parokia kumi na moja, nane zimeleta. Katika hizo nane, tano zina jina la mtu. Wawili kati ya hao watano wangali hai na wamekubali kwenda pamoja nasi kwenye ofisi ya viwanja. Kwa parokia tatu zilizobaki karatasi haijaonekana. Mjane wa mchungaji mmoja ametuahidi kufungua sanduku la marehemu wiki ijayo, na mama wa Umoja wa Wanawake atakwenda naye.